"MAMA, USIGUSE"

POSTI YA 1

Wamama wenzangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya, leo hatuongelei uji wala kunyonyesha. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nina hasira. Nitaandika kwa vipande maana ni ndefu. Mwenye mtoto anayelia akambebe kwanza, posti hazikimbii.

Juzi kuna habari ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mtoto mwenye mrija shingoni amefia nyumbani. Nikashuka chini kusoma watu wanasema nini. "Mama alikuwa wapi?" "Mtoto anaumwa hivyo unarudi naye nyumbani kufanya nini?" "Wamama wa siku hizi ni simu tu." Kilichoniuma zaidi, mmoja aliyejitambulisha kuwa ni muuguzi akaandika kwamba hawa wamama wanaelekezwa vizuri hospitali ila hawasikii.

Wanaelekezwa. Haya. Ngoja niwaambie tunavyowaelekeza.

Mama wa kwenye hiyo habari simjui, sitamsemea. Ila namjua mwingine, wa miaka kadhaa nyuma, kwenye hospitali nisiyoitaja. Mwanaye alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alipata nimonia kali, akakaa wiki nyingi kwenye mashine ya kupumulia na mpira umepita mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa. Nimonia ikapona, lakini pale mpira ulipokuwa unagusa pakaota kovu, njia ikawa nyembamba kama mrija wa juisi. Kila wakiutoa mpira, mtoto anabanwa. Madaktari wakamtoboa tundu chini ya koo wakaweka mrija mdogo. Wodini tunaita trakiostomi, na kifupi chake "traki".

Wakakaa na sisi miezi miwili. Kila nikienda kumnyonya makohozi, mama yake anasimama pembeni yangu, mikono kaifungia nyuma kama mwanafunzi. "Sista, naomba na mimi nijaribu." Namjibu, "Mama, usiguse." Zamu ya jioni anamwomba mwenzangu, jibu lile lile. Usiku, lile lile. Hebu piga hesabu: mara nane kwa siku, miezi miwili, mama anaambiwa asimguse mwanaye.

Siku ya ruhusa tukampa karatasi. Maelezo yalichukua robo saa, na mimi ndiye niliyeyatoa, huku nachungulia saa kwa sababu kulikuwa na wagonjwa wawili wanaingia. Mrija wa akiba hakuna. Mashine ya kunyonya hakuna, eti "mtanunua taratibu".

Siku ya tisa alirudi na bodaboda. Mtoto alikuwa ameshafika mwisho. Daktari alipoutoa ule mrija, ndani ulikuwa umezibwa na makohozi makavu, magumu kama gundi ya fundi viatu. Mama akaniangalia mimi, sio daktari, mimi, akasema: "Nilitaka kuutoa, sista. Niliogopa. Mlisema nisiguse."

Sikumjibu kitu. Na mpaka leo sina jibu.

POSTI YA 2

Kabla hamjauliza "traki ni nini hasa", twende taratibu, maana wengi wenu mmeiona tu kwenye picha na mkaogopa.

Ukijipapasa shingoni utakutana na kifundo cha koo. Shuka chini yake kidogo, utahisi bomba lenye pete pete. Hiyo ndiyo njia ya hewa inayokwenda mapafuni. Tundu hutobolewa hapo, chini ya kisanduku cha sauti, na mrija uliopinda unaingizwa ukifungwa na mkanda shingoni. Hewa haipiti tena puani wala mdomoni, inaingia moja kwa moja. Mtoto anaweza kuwekewa kwa sababu ya kovu kama la huyo niliyemsema, au uvimbe kwenye koo, au amekunywa magadi makali ya sabuni yakamuunguza, au amezaliwa na njia ya hewa iliyolegea sana, au anahitaji mashine ya kupumulia kwa muda mrefu.

Mabibi zetu husema mtoto akikatwa koo ndo basi. Si kweli, na hili si jambo la jana. Daktari mmoja Mfaransa, Pierre Bretonneau, alimwokoa msichana mdogo mwenye dondakoo kwa kumtoboa shingoni mwaka 1825. Dondakoo ni ile ile tunayowachanjia watoto wenu wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Watoto wengi hutolewa mrija baadaye, tundu likajifunga, wakaenda shule. Wapo watakaokaa nao miaka.

Kinachoua watoto hawa nyumbani mara nyingi siyo tundu lenyewe. Ni vitu viwili vya kijinga kabisa: mrija kuziba na mrija kuchomoka. Na vyote viwili vinamalizwa na mtu aliyeko pale chumbani, ndani ya dakika chache. Mtu huyo ni nani saa nane za usiku? Daktari bingwa? Mimi? Ni wewe mama, au bibi, au dada wa kazi.

Ndiyo maana lile neno "usiguse" linanitia kichefuchefu.

POSTI YA 3

Sasa niwaeleze kwa nini mrija unaziba, kwa sababu ukielewa hapa umeelewa nusu ya kazi.

Pua ni jiko na chujio kwa pamoja. Inaipasha hewa joto, inailowanisha, inashika vumbi. Mtoto mwenye traki hewa yake hairuki tu chujio, inaingia kavu. Makohozi ambayo kwako yangekuwa laini, kwake yanakauka na kushika kuta za mrija. Leo tabaka jembamba, kesho lingine juu yake. Mrija wa mtoto wa mwaka mmoja tundu lake ni milimita nne hivi! Haihitaji kigaga kikubwa.

Kwa hiyo unyevu si anasa. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye mdomo wa mrija kinaitwa pua ya bandia, kinatunza unyevu wa pumzi ya mtoto mwenyewe. Kuna mashine ya mvuke baridi ya maji ya chumvi ya hospitali. Ukikosa vyote, gozi safi iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikining'inia mbele ya mrija bila kuuziba, inasaidia kuliko hakuna. Na mtoto anywe vya kutosha. Ila tafadhali, msimfukize kwa sufuria ya maji ya moto na mwarobaini. Nimeshahudumia watoto walioungua kwa huo mtindo, na mvuke wa jiko wala hautibu hiki kitu.

Jiko la mkaa liwe nje. Sigara ya baba, nje tena mbali. Poda ya mtoto, hapana kabisa, inaingia moja kwa moja mapafuni. Mchanga vilevile. Kuoga ni beseni lenye maji machache na jicho lako lisiondoke, maana maji yakipita kwenye lile tundu hayana pa kugeukia. Mkufu wenye shanga usimvalishe shingoni, hata kama shangazi kauleta kwa upendo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaambiwi na ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Mtoto mwenye traki analia bila sauti. Hewa haifiki kwenye kisanduku cha sauti, kwa hiyo mdomo umefunguka, machozi yanatoka, na chumba kimya. Baba mmoja aliniambia alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwa mwanaye na hakusikia chochote, akaamka kwa bahati tu. Ukizoea kupika huku unasikiliza mtoto kwa sikio, kwa huyu sikio halifai. Lazima macho. Lazima alale chumba kimoja na mtu mzima anayejua. Kwa hiyo mnaposema "mama alikuwa wapi", labda alikuwa chooni, jamani. Binadamu mmoja hawezi kukesha miezi sita.

POSTI YA 4

Najua wauguzi wenzangu wameshaanza kunuka moshi. Inbox imejaa. Nitajibu hapa hapa.

Wa kwanza anasema: mama hajasoma, ataleta madhara. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen kule Denmark ulipigwa na polio mbaya sana. Watu walikuwa wanakufa kwa kushindwa kupumua, mashine zilizokuwepo hazikutosha. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaanza na msichana wa miaka 12: wakamtoboa shingoni, wakaweka mrija, wakapumulisha kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Ikafanya kazi. Sasa nani atabana mifuko usiku na mchana kwa wagonjwa wote wale? Wakaitwa wanafunzi, wapatao 1,500, kwa zamu. Wanafunzi wa udaktari na wa meno waliofundishwa kwa haraka wakakaa pembeni ya vitanda na kuwapumulisha wagonjwa kwa mikono yao, na vifo vikashuka sana. Leo wewe unaniambia mama aliyemzaa, mwenye kila sababu duniani ya kuwa makini, hawezi kufundishwa kunyonya makohozi kwa miezi miwili? Mama anayepima unga wa biashara kwa jicho na asikosee?

Elimu si hoja pia. Ninaye mama ambaye kusoma kwake ni kwa kuunganisha herufi, na anabadilisha mrija wa mwanaye kwa mikono imetulia kuliko madaktari wanafunzi. Tulimwekea alama ya kalamu kwenye katheta: mwisho hapa, usipite. Basi.

Wa pili anasema: akikosea tutalaumiwa sisi. Hapa ndipo ukweli ulipo na nashukuru umesema. Tunawazuia wamama ili karatasi zetu ziwe safi. Mtoto akifia wodini kuna maswali, akifia nyumbani kuna mama mzembe. Dada yangu, mkono wako umekuwa safi kwa sababu uchafu umeuhamishia kwake.

Wa tatu anasema hatuna muda, tuko wawili kwa wagonjwa arobaini. Huyu ana haki. Nakubali kabisa, nimeshika wodi peke yangu usiku, najua miguu inavyowaka. Lakini hata hesabu ya uvivu inakataa: ukimfundisha mama wiki ya kwanza, kuanzia wiki ya pili una mikono miwili ya ziada wodini ambayo hailipwi hata posho. Usipomfundisha, mara nane kwa siku utaitwa wewe. Na mama wa kitanda cha tatu ukishamfundisha, atamfundisha wa kitanda cha nne wakati mimi na wewe tunabishana hapa.

Chama cha madaktari wa kifua cha Marekani walipotoa mwongozo wao wa watoto wenye traki mwaka 2000 walizungumzia wazi mafunzo ya familia kabla ya kurudi nyumbani. Mwaka 2016, kwa watoto wanaopumua kwa mashine nyumbani, wakasema wafundishwe wanafamilia wasiopungua wawili, na awepo mtu macho muda wote. Wawili, sio mama peke yake. Kina baba, hiyo ni namba yenu hiyo.

POSTI YA 5

Hii isevu. Mpelekee yeyote mwenye ndugu ana traki. Ila haibadilishi mafunzo ya wodi yenu. Inakupa cha kudai ukiwa huko.

Ukiambiwa "kesho ruhusa", jibu kwa adabu: "Shikamoo daktari, nashukuru, lakini sijashika bado." Usitoke mpaka wewe na mtu mwingine wa nyumbani mmenyonya makohozi kwa mikono yenu huku muuguzi anaangalia, mara nyingi, mchana na usiku, na mmebadilisha mrija mzima si chini ya mara kadhaa. Kuangalia sio kujua. Mimi nimeangalia mpira maisha yangu yote na siwezi kupiga danadana.

Kunyonya: katheta isiwe nene kuliko nusu ya tundu la mrija, vinginevyo unanyonya na pumzi yake. Pima urefu kwenye mrija wa akiba unaofanana na wa shingoni, weka alama, ingiza mpaka alama hiyo usipitilize. Ukisukuma ndani mpaka mtoto akurupuke kwa kikohozi unachubua kuta, na kila mchubuko huota nyama laini ambayo baadaye ndiyo inayoziba au kukataza mrija mpya usiingie. Nyonya wakati unatoa, si wakati unaingiza. Sekunde tano mpaka kumi imetosha. Mashine kwa mtoto isomeke kati ya 80 na 100, usiipandishe kwa hasira eti makohozi mazito. Usimmiminie maji ya chumvi ndani kila mara kwa mazoea, siku hizi hatushauri hivyo. Nawa mikono kabla. Nyonya anapohitaji: anakoroma, anahangaika, makohozi yanaonekana, kabla ya kula na kabla ya kulala.

Umeme ukikatika? Uliza mashine ya kukanyaga kwa mguu au ya mkono. Kama haipo, bomba kubwa la sindano, lile la mililita 50 au 60 bila sindano, likiunganishwa na katheta linavuta makohozi vizuri tu wakati wa dharura. Mfundishwe hapo hapo wodini. Ni kitu cha bei ndogo na nimeona kinaokoa.

Mkanda wa shingoni: kidole chako kimoja kipite chini yake. Viwili, umelegea, mrija utachomoka akikohoa. Hakipiti, unamkata ngozi. Kuubadilisha ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike mrija asiuachie hata kidogo. Ngozi kuzunguka tundu isafishwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ikaushwe. Gozi ya kuweka chini yake usiikate kwa mkasi, nyuzi zake zinavutwa ndani.

Na begi. Mtoto hatoki hata kwenda dukani bila begi lake: mrija wa saizi yake, mwingine mdogo kwa nusu saizi, mkasi wa ncha butu, mkanda, katheta, kifaa cha kunyonyea, na mfuko wa kupumulisha kama mmepewa. Wasipokupa mrija wa akiba, kaa hapo hapo kitandani. Semeni hana ruhusa. Mtaonekana wakorofi siku moja.

Sasa saa mbaya. Mtoto anavuta mbavu, midomo inageuka rangi, anatapatapa. Piga kelele upate msaada, hapo hapo nyonya. Katheta haipiti, au imepita na bado anabanwa? Usiendelee kuchokonoa. Kata mkanda, UTOE mrija, weka mpya. Haingii? Weka ule mdogo. Nao haungii? Acha tundu wazi, mnyooshe shingo kwa kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, na kama hapumui pulizia kwenye tundu kwa mdomo wako au kwa mfuko kama mlivyofundishwa, huku mnakimbia hospitali. Mrija ulioziba ni kizibo. Tundu tupu bado ni tundu. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya yule mama.

Damu: michirizi myepesi baada ya kunyonya hutokea, mweleze daktari. Damu mbichi nyekundu inayotoka yenyewe, hata kama ni kidogo na ikakoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mara chache sana mrija husugua mshipa mkubwa uliopita mbele ya njia ya hewa, na huanza kwa kutoa kidogo kabla ya kutoa nyingi. Homa, makohozi ya kijani yenye harufu, chakula au maziwa kutokea kwenye mrija: siku hiyo hiyo pia.

POSTI YA 6, fupi, nikalale

Kuna dada kauliza kama yule mama nilimwomba msamaha. Nilimtafuta baada ya miezi minne. Nilipewa namba na ofisi ya ustawi, nikapiga, akapokea shemeji yake akasema hataki kuongea na watu wa hospitali. Sikupiga tena. Sina habari zaidi ya hapo.

Kilichobadilika ni kwamba nilimwomba mkuu wangu wa wodi anipe meza moja na mdoli. Mdoli ni wa plastiki, wa sokoni, nimemtoboa shingo kwa kisu cha jikoni na nimemwekea mrija uliokwisha muda. Mama akiingia na mtoto wa traki, siku ya pili tunaanza na mdoli, wiki hiyo hiyo tunahamia kwa mtoto. Wenzangu walicheka, mmoja akamwita mdoli "pasenti wa sista". Sasa hivi wanafunzi wa uuguzi nao wanaazima.

Bado wodi nyingi hazina. Kwa hiyo wewe uliyelazwa na mtoto sasa hivi, unasoma hii ukiwa kwenye benchi la nje, ingia ndani umwambie muuguzi wa zamu unataka kushika. Akikujibu usiguse, muulize nyumbani atagusa nani. Muulize kwa sauti ya heshima, lakini msubiri ajibu.

Maswali yaandikeni hapa chini. Nina zamu ya usiku mpaka Jumamosi, nitajibu asubuhi nikitoka. Picha za watoto wenu msiweke kwenye komenti, nitumieni inbox.